Barua ya wazi kwa mnaosimamia taka, maji na mizigo Dodoma: msiishie kwenye risiti, ufuateni mzigo mpaka unapoishia

Waheshimiwa wakubwa zetu, shikamooni. Na kwa wenyeji wa hapa, mbukwenyi.

Naandika saa nne usiku nimekaa kwenye benchi nje ya mgahawa wangu, masufuria yameshaoshwa, wasichana wameshaondoka, na hapa miguuni kuna viroba vinne vya taka ambavyo sijui kesho vitabebwa na nani. Mi ni mama wa chakula, nauza hapa mjini tangu 2017, yani mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza kwamba sasa inahamia Dodoma moja kwa moja. Nilianza na meza moja na majiko mawili ya mkaa chini ya mti, sa hivi nina vijana sita, nina leseni, nina namba ya mlipakodi, ada ya taka nalipa kila mwezi kwa kontrol namba, bili ya maji nalipa, afisa afya akija anakuta vyeti vya wapishi vimebandikwa ukutani. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani hii ni barua ya mtu anayekimbia sheria. Sheria nazitaka. Ninachoomba ni kitu kimoja na nitakirudia mpaka mnichoke: mkishamaliza kukagua risiti yangu, ufuateni na mzigo wenyewe mpaka unapoishia.

Ngoja niwaambie kilichonifanya niandike.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja gari la taka la mkandarasi wa eneo letu lilikaa wiki tatu halijapita. Wiki ya kwanza viroba vikajaa uani, ya pili funza wakaanza, ya tatu wateja wanakula huku wameziba pua na wengine wakahama kabisa. Nikapiga simu nikaambiwa gari bovu, nikapiga tena simu haipokelewi. Katikati ya hayo akaja mkusanyaji wa ada, anataka kuona risiti ya mwezi, nikamwonesha, akaandika kwenye daftari lake, akashukuru vizuri tu akaondoka, na amepita hatua mbili kutoka kwenye viroba kumi na moja vya taka hakuuliza hata hivi mama hivi vipi. Simlaumu sana yule kijana maana alitumwa risiti, na risiti aliikuta.

Kesho yake nikamwita mtu wa guta, tukapatana elfu tano, akapakia vyote. Sijui nini kilinisukuma siku ile, nikajifunga kanga nikamfuata kwa mguu. Hakwenda mbali. Nyuma ya nyumba za mtaa wa pili kuna korongo, lile ambalo kiangazi ni mchanga mtupu na watoto wanachezea mpira, akasimama ukingoni akabinua. Nikamwambia mwanangu mbona unamwaga hapa, akanijibu bila kuficha, "Mama, wote tunamwaga hapa. Ghuba la kukusanyia taka limejaa tangu juzi, na kule dampo mi na hili guta nitafika saa ngapi?" Na alikuwa anasema kweli, dampo la Chidaya liko nje ya mji huko, mtu wa guta la kusukuma hawezi kwenda na kurudi akala siku hiyo. Nikaangalia chini kwenye korongo. Nikaona maganda yangu ya ndizi, nikaona chupa za dawa za saluni, manyoya ya kuku, vifusi vya nyumba ya mtu, nepi, matairi, betri za gari zimepasuliwa na maji yake meusi yameingia mchangani. Na kila aliyemwaga pale inawezekana kabisa ana risiti nyumbani.

Mwezi wa kwanza mvua ikanyesha, mnazijua mvua zetu, mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600 tu lakini zinakuja kwa hasira kati ya Desemba na Aprili, siku moja inaweza kushuka ya wiki nzima. Korongo likateremka na vyote vile, kalvati likaziba, maji yakaingia kwenye nyumba za watu wa bondeni. Kuna bibi mmoja mteja wangu wa uji wa asubuhi, alipoteza magunia mawili ya uwele na godoro. Nilienda kumpa pole, nikakaa naye, nikashindwa kumwambia kwamba kwenye ule uchafu uliozibia kalvati na mimi nimo. Namwambia leo kupitia barua hii.

Sasa wakubwa zangu tuongee kazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa, na kuna kanuni za taka ngumu za mwaka 2009, kwa hiyo karatasi hatuna shida nayo. Shida ni kwamba kinachopimwa ni pesa iliyoingia, hakipimwi kilo ngapi za taka zimetoka kwa nani na zimefika wapi. Naomba kila gari la taka linaloingia dampo lipimwe, hata kwa mzani mmoja, na kila mwezi karatasi ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa: mtaa wenu mmelipa kiasi hiki, magari yamepita siku hizi na hizi, tani zilizofika dampo ni hizi. Basi. Mwenyekiti wa mtaa ataisoma, mama muuza mboga ataisoma, na kama mkandarasi amekula hela za wiki tatu itaonekana pale pale ukutani bila kuunda tume. Na ratiba ya gari iwe ya siku inayojulikana, hata kama ni mara moja kwa wiki, maana biashara ya chakula inaweza kujipanga na siku inayojulikana lakini haiwezi kujipanga na "likija".

Na wale vijana wa guta msiwafukuze, nawaomba sana. Mji huu kwa sensa ya 2012 ulikuwa na watu 410,956, sensa ya 2022 ikakuta 765,179, na sa hivi tumezidi hapo, halafu mitaa mingi mipya huko pembeni lori la taka haliingii, njia ni za mchanga na nyaya ziko chini. Guta linaingia. Waandikisheni, wapeni vizibao vyenye namba, wapangieni sehemu ambayo lori kubwa linawasubiri saa fulani wahamishie mzigo pale pale bila kumwaga chini. Yule kijana aliyenijibu pale korongoni sio mtu mbaya, ni mtu ambaye hajapewa mahali pa kumwaga.

Alafu kuna jambo la kutenganisha. Tunaambiwa kila semina tutenganishe taka za kuoza na zisizooza, mi nilianza, nikanunua madumu makubwa mawili, la maganda na mabaki, na la plastiki na makopo. Nilifanya miezi miwili. Gari likija linachanganya vyote kwenye bodi moja, wasichana wangu wakaniuliza mama sasa tunajichosha kwa ajili ya nini, sikuwa na jibu. Kwa hiyo nikatafuta njia yangu, sa hivi maganda ya viazi na ndizi na ukoko wa ugali anachukua mfugaji wa nguruwe kila asubuhi saa kumi na mbili, hanilipi, ananiletea kuni mara moja moja, na taka zangu zimepungua zaidi ya nusu. Zaidi ya nusu! Bila semina. Chupa za plastiki wanapita watu wa kuokota wananunua kwa kilo. Kinachobaki ni kidogo mno.

Angalieni viwanda vya kukamua alizeti hapa kwetu na Singida. Ushawahi kuona mashudu yametupwa kwenye korongo hata siku moja? Hujaona, maana mashudu yana mnunuzi, mfugaji anayapigania, gunia lina bei. Ingekuwa hayana mnunuzi yangejaa kila mtaro. Na huku tuna zabibu, inavunwa mara mbili kwa mwaka, wanaosindika mvinyo na juisi wanabaki na makapi mengi sana msimu ukifika, ambayo yangeweza kuwa mbolea ya mashamba hayo hayo ya Hombolo na Mpunguzi badala ya kuchachuka nyuma ya ukuta wa mtu. Kwa hiyo badala ya afisa kuja kuniuliza unatenganisha au hutenganishi, anisaidie kujua nani anahitaji ninachotupa. Ofisi ya kata inamjua kila mfugaji na kila mwenye bustani, daftari moja tu la mfugaji fulani anachukua maganda, bustani fulani inachukua majani, lingefanya kazi kuliko faini kumi.

Mifuko ya plastiki si tuliiacha? Juni 1, 2019 watu walisema haiwezekani, biashara zitakufa, nyama itabebwa na nini. Ikawezekana. Na mimi nilivyoona kwa macho yangu iliwezekana kwa sababu hawakuanza na kumkamata mama mwenye nyanya tano, walifunga kule inakotengenezwa na kule inakoingilia, mzigo ukakauka sokoni wenyewe. Baadae vile vifungashio laini vya vitumbua na karanga vikaanza kugeuzwa mifuko tena, na hapo wakaanza kusumbuliwa wauzaji wa rejareja badala ya kuuliza vinatoka kiwanda gani. Mkifuata mzigo mnafika kwa mwenye mzigo.

Niingie kwenye mizigo sasa, maana watu wanadhani taka na malori ni mambo mawili tofauti, mi jikoni kwangu nayaona ni jambo moja.

Kabichi inayokuja Dodoma inakuja na majani yake yote ya nje. Ndizi inakuja na mkungu mzima na majani ya kufunikia. Mahindi ya kuchoma yanakuja na maganda. Nyanya za Ilula kule Iringa zinakuja kwenye matenga yenye nyasi chini na juu, na za chini kabisa zimeshapondeka. Tunapakia kwenye lori, tunalipia mafuta, tunalipia ushuru, tunazivusha kilomita mamia, zikifika tunazibandua na kuwa taka za mjini, halafu tunamlipa mtu tena azibebe. Yani tunasafirisha taka kwa nauli ya chakula. Yale majani yangebaki shambani yangekuwa malisho au mboji kwa mkulima. Kungekuwa na utaratibu hapa kwamba mzigo wa jumla unaingia sokoni ukiwa umeshasafishwa shambani, na matenga yawe ya plastiki ngumu yanayorudi, soko lingepunguza ghuba lake kwa kiasi ambacho hata mhasibu angefurahi. Hilo ni la kuzungumza na madalali na wakulima, sio na mimi muuza chakula wala mfagiaji.

Na lumbesa, yani kujaza gunia kupita kipimo. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu naona watu wanalipigia kelele kwa mkulima tu, na kweli mkulima anaibiwa, lakini liko kubwa zaidi.

Shemeji yangu ana Fuso, anabeba vitunguu Singida na viazi Njombe. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Shambani kule dalali anataka gunia lililoshonewa kofia, ananunua kwa gunia sio kwa kilo, kwa hiyo mkulima anajaza mpaka linapasuka. Magunia 80 ya kilo 100 ni tani 8, sawa. Yale yale magunia 80 yakishonewa kofia kila moja likafika kilo 130 ni tani 10 na kilo 400, na kwenye karatasi ya mzigo bado yameandikwa magunia 80. Dereva anayeyabeba hajui amebeba nini. Anakuja kujulishwa na mzani wa barabarani, na hapo anapigwa faini, anaambiwa apunguze mzigo, anashusha magunia pembeni ya barabara usiku, anatafuta gari lingine, vitunguu vinalala juani siku mbili, vinavyofika mjini robo vimeoza. Vilivyooza vinaenda wapi? Kwenye ghuba. Au kwenye lile korongo langu.

Shemeji alipigwa faini hivyo hivyo kwenye mzani mmoja njiani, alilipa, hakubishana, alisema uzito ulikuwa umezidi kweli. Kilichomuuma ni kwamba dalali aliyejaza magunia hakuulizwa na mtu yeyote mpaka leo, na wiki iliyofuata akajaza vile vile.

Mi naiunga mkono sheria ya uzito, tena sana. Ile sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ilitungwa 2016, kwetu ikaanza kutumika Machi 2019, lori na mzigo wake lisizidi tani 56, ekseli moja ya matairi manne isizidi tani 10. Kuna sababu ya msingi. Wahandisi wa barabara wanatumia kanuni kwamba ekseli ukiiongezea uzito mara mbili, lami haiumii mara mbili, inaumia karibu mara 16. Kwa hiyo lori moja lililozidisha linaumiza lami kama malori mengi ya halali. Na barabara ikiharibika ni bei ya nyanya yangu inapanda. Naelewa kabisa.

Ila mzani wa barabarani unakamata mwisho wa kosa. Kosa limeanzia kwenye gulio la kijijini asubuhi ile. Wekeni mzani mdogo pale mzigo unapopakiwa, ule wa kuweka gunia moja moja, na karatasi ya mzigo iandikwe kilo badala ya magunia, imesainiwa na aliyeuza na aliyenunua. Ikizidi barabarani, dereva agawane faini na aliyejaza. Naamini kwa kufanya hilo moja mtakuwa mmemlinda mkulima, dereva, lami, na hata taka za sokoni zitapungua. Watu wa vipimo, watu wa leseni za magari ya mizigo na watu wa barabara wakae meza moja, kwa sababu sa hivi kila mmoja anamkamata dereva yule yule kwa kosa lake.

Kabla sijatoka kwenye malori, yale ya mchanga na kokoto. Mji unajengwa, tunashukuru, huko Mtumba kwenye mji wa serikali maghorofa yanaota, na barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 ni nzuri itatutolea malori ya safari katikati ya mji. Lakini haya ya mchanga hayaendi safari, yanazunguka humu humu, mengi hayana turubai, Dodoma kuna upepo jamani, mchanga unamwagikia bodaboda machoni na kwenye sufuria zetu. Turubai bei yake haifiki hata tairi moja. Na mchanga wenyewe unachimbwa wapi? Kwenye makorongo na mito yetu mikavu, ambako maji ya mvua ndiko yanakozama kwenda chini. Na malori yakirudi yanabeba vifusi, yanavimwaga huko huko. Unatoa mchanga unaochuja maji, unarudishia vifusi na nepi.

Ndo nafika kwenye maji, na hili linaniogopesha kuliko yote.

Wazee wanasimulia jina Dodoma limetokana na idodomya, kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akadidimia kwenye matope. Mji wetu umepewa jina na sehemu ya maji. Leo sehemu kubwa ya maji ya mjini inatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini ya mji, maji ya chini ya ardhi. Na kuna kitu wataalamu walikiandika 2013 baada ya kupitia rekodi za visima hivyo za miaka 55, natamani kila mwenye hoteli akijue: yale maji hayajazwi kila mwaka. Yanajazwa na misimu michache sana yenye mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, halafu miaka inapita maji yanashuka tu yanashuka, mpaka uje msimu mwingine kama huo. Kwa hiyo tunakunywa mvua ya zamani. Mtu akiacha mpira wa maji unamwagika barabarani anamwaga mvua iliyonyesha watoto wangu hawajazaliwa.

Pembeni yangu kuna kijana ana sehemu ya kuosha magari, kijana mchapakazi, anakula kwangu. Nilimwomba siku moja tukapima, mpira wake unajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, na gari moja akawa anauacha unatiririka dakika kumi. Lita 200. Siku hiyo mtaa wa pili ni mgao, akina mama wako kwenye foleni na madumu, lita 200 ni madumu kumi. Hakuwa anajua, nilimwona uso ulivyobadilika. Tangu hapo anatumia ndoo na mashine ya presha, na ameomba msaada wa kujenga mashimo matatu ya kuchuja yale maji, mchanga ubaki la kwanza, mafuta yabaki la pili, maji ya la tatu yaoshee tena matairi na chasisi. Alienda kwenye ofisi moja kuuliza kama kuna ramani au ushauri wa kujenga hicho kitu, akaulizwa leseni yako iko wapi. Akaionesha. Wakamwambia basi uko sawa.

Huyo mtu hakuwa anatafuta kuambiwa yuko sawa.

Kwangu vyombo tunaosha kwenye mabeseni matatu, maji ya suuza ya mwisho yanakuwa ya kwanza ya awamu inayofuata, yakichoka yanapiga deki, yakitoka hapo yanaenda chooni. Mafuta ya kukaangia simwagi kwenye bomba la majitaka, nimejengewa chemba ndogo ya kunasia mafuta, fundi aliifanya kwa siku moja. Nani alinikagua hilo? Hakuna. Nani anakagua mgahawa mkubwa unaokaanga kuku mia kwa siku mafuta yake yanaenda wapi? Mafuta yanaganda kwenye mabomba, chemba zinafumuka barabarani, na tunalaumu mvua.

Naomba wafanyabiashara wanaotumia maji mengi, hoteli, viwanda vya vinywaji, wafyatua matofali, kuosha magari, wawekewe utaratibu wao. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kisima cha biashara kiwe na kibali cha bodi ya bonde, na bonde letu hapa ni Wami/Ruvu. Kibali kikishatoka naomba kisima kiwe na mita, na mita isomwe, maana kibali kinasema uvute kiasi fulani na bila mita hakuna anayejua umevuta ngapi. Maboza yanayotuuzia maji yaandikwe ubavuni yanachota kisima gani na maji yalipimwa lini. Mi nimeshapikia maji ya boza yakatoa chai ya chumvi, nikamwaga sufuria nzima, dereva nikimuuliza umeyatoa wapi anasema "mama, ni maji tu." Chumvi mteja ataisikia mdomoni, vingine hatavisikia.

Na mapaa. Hapa hesabu ni ndogo naifanya mbele yenu. Paa la mita za mraba 200, mvua milimita 550, ni lita laki moja na elfu kumi kwa mwaka. Toa inayopotea, zinabaki zaidi ya elfu themanini. Sasa fikirini mapaa ya maghala, masoko, stendi, ofisi, kumbi za mikutano, mapaa ya ekari nzima, maji yote yanateremkia kwenye mtaro kwenda kufurisha watu. Jengo la biashara likiomba kibali cha ujenzi, mchoro wake uoneshe mfereji wa paa na tenki, kama unavyoonesha choo. Mradi wa bwawa la Farkwa na mpango wa maji ya Ziwa Victoria tunausikia na tunauombea ufike, ila mapaa yapo tayari.

Najua mtasema hela. Nyingi ya hizi hazina hela kubwa, ni mzani, karatasi ukutani, mita, turubai, daftari la kata. Na watu wa kukagua mnao, tunawaona kila wiki, ni vijana wazuri, ila mmewatuma kuangalia makaratasi. Watumeni nyuma ya jengo. Wapande kwenye lori la taka mpaka dampo, wafuate bomba linapotokea, wasimame kwenye gulio saa kumi na mbili asubuhi magunia yanaposhonwa.

Mimi nimejipanga hivi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, siku ya usafi, kabla mvua hazijaanza, nafunga mgahawa mpaka saa sita. Nimeshaongea na vijana wa guta wanne, kijana wa kuosha magari, shemeji ataleta Fuso lake bure, na mwenyekiti wa mtaa amekubali. Tutaanzia kwenye lile kalvati tupande na korongo mpaka pale nilipomwona kijana anabinua. Tutakachokitoa tutakipima kwa mzani wa gunia, tuandike kilo, tukipeleke Chidaya wenyewe. Bibi wa uji amesema atakuwepo, atakaa kwenye kiti kivulini.

Naomba mmoja wenu aje. Asije na kamera, aje na buti, na kama anaweza aje na yule mtu mwenye daftari la risiti. Chai na chapati zitakuwa juu yangu, maji ya kunywa nitachemsha usiku.

Wenu,
Mama wa mgahawa, Dodoma